Usihifadhi Anwani

Umeme ulikuja saa tatu usiku, siku nyingine saa nane,
ukakaa saa moja tu, kama mgeni asiyevua koti.
Gyumri, baridi ya nne tangu ardhi itikisike.
Tuliishi ndani ya kontena la bati, mimi na mama na jiko la kuni,
na kompyuta ya halmashauri iliyofunikwa blanketi
kwa sababu, alisema Arpenik mama yangu,
hata mashine hupata kikohozi.

Kazi yake: daftari la watu wa makontena.
Nani yu hai, nani wa nani, nani apewe mafuta ya taa.
Aliliandika kwa lugha ya C, kila mtu muundo mmoja:
jina, umri, mablanketi,
kielekezi kwa mama, kielekezi kwa baba, kielekezi kwa jirani anayefuata.
Watu mia tatu na sita wameshikana mikono ndani ya kumbukumbu.
Umeme ukikatika, mikono yote huachiana.

Usiku wa kwanza aliwamwaga kwenye disketi kama walivyo,
baiti kwa baiti, hata zile nafasi tupu za katikati.
Mimi nilishika mshumaa.
Kesho yake akawapakia upya. Majina yalikuja,
mablanketi yalikuja. Akamwuliza Siranush mdogo: mama yako yuko wapi?
Siranush akanyoosha kidole palepale pa jana,
na pale hapakuwa na mtu.
Programu ikaanguka.

Mama hakulaani. Alicheka, kicheko kifupi cha puani,
akanigeukia: "Wewe unakaa wapi?"
Nikataja mtaa wetu wa zamani, namba saba, ghorofa ya tatu.
"Haya, nenda kagonge mlango."
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilielewa.

Akawapanga mstari, akampa kila mmoja namba
kama walimu wafanyavyo siku ya safari,
na palipokuwa na kielekezi akaandika namba:
mama wa 212 ni 17.
Kabla ya jina, urefu wa jina, ili msomaji ajue pa kukoma.
Mwanzoni mwa faili, toleo: 1.
Mwishoni, jumla ya baiti zote,
maana disketi nazo husema uongo.
Na kurudi ni kwa awamu mbili: kwanza waite wote wasimame,
ndipo uwaambie washikane.
Ukiwaharakisha, mtoto atashika hewa.

Sifuri ilikuwa: hakuna mtu.
Ofisi ilitaka wafu wote wawe sifuri.
Mama akaongeza baiti moja ndani ya muundo, yu hai au la,
toleo likawa 2,
na wafu wakabaki na namba zao.
Mzee Gegham alikuja kuuliza kama mkewe bado yumo.
Yumo, mama akasema. Mia moja na nne. Mafuta hapewi, ila yumo.
Gegham akavua kofia, akaivaa tena,
akasahau dumu lake mlangoni.

Marseille, miaka saba baadaye. Mashine ya chuo ni ya ukoo mwingine,
husoma baiti kuanzia upande wa pili.
Nikafungua faili: watu 306 wakawa 12801,
na baba yangu, namba 41, akawa 10496.
Nilikaa nikimtazama huko mbali alikotupwa.
Nje walikuwa wanauza chaza kwenye barafu, wanapiga kelele.
Kisha nikageuza, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele,
mistari minne ya msimbo,
nikawaita wote wasimame.

Namba 41. Urefu wa jina: 7.
Vardges.
Yu hai: 0.
Mablanketi: 1.

Ndilo lile lililofunika mashine.